Barua pepe zinaingia ila hazitoki? Anza na poti 25

Juzi mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi alinipigia simu: "Fundi, za wateja napokea, zangu haziondoki. Nywila nimeshabadilisha mara tatu!" Nikamuuliza swali moja tu: mmebadilisha intaneti? Ndiyo, wiki ileile.

Nywila iache kwanza. Kama ingekuwa mbovu, kwa kawaida hata kupokea kungegoma. Kupokea na kutuma ni njia mbili, kila moja na poti yake, yaani mlango wenye namba kwenye seva (kompyuta inayopokea na kupeleka barua): barua huingia kwa poti 993 (IMAP) au 995 (POP), ambazo ni taratibu za kupokea, na hutoka kwa SMTP, utaratibu wa kutuma, ambao kwenye mipangilio ya zamani huwekwa poti 25. (Wapo wanaoiita poti "bandari", utadhani barua pepe hupanda meli.) Kwa poti 25 seva hupelekeana barua bila kudaiana nywila, hivyo kompyuta yenye kirusi inaweza kumwaga barua taka humo usiku kucha mwenyewe amelala. Ndiyo maana kampuni nyingi za intaneti huwazibia wateja wa kawaida poti hiyo. Mimi siwalaumu.

Hatua ya 1: jaribu laini nyingine. Washa hotspoti ya simu, unganisha kompyuta, tuma. Ikitoka, kizuizi kiko kwenye intaneti ya ofisi. Isipotoka usihukumu bado, maana mitandao ya simu nayo inaweza kuwa imeziba.

Hatua ya 2: bisha hodi. Rudi kwenye intaneti ya ofisi. Kwenye Windows fungua PowerShell (dirisha la kuandikia amri), uandike hivi, ukiweka jina la seva yako ya kutuma palipoandikwa JINA-LA-SEVA:

Test-NetConnection JINA-LA-SEVA -Port 25

Rudia kwa 587, kisha 465. Tazama mstari wa TcpTestSucceeded: True maana yake poti imefunguliwa. Wa Linux na Mac watumie nc -vz JINA-LA-SEVA 587. Ikiwa 25 inakataa na 587 inaitikia, jibu unalo. Zikikataa zote, kagua kwanza kama jina la seva umeliandika sawa, halafu antivirusi, halafu ruta.

Hatua ya 3: hamia 587. Poti hii ilitengewa watu wanaotuma barua zao tangu 1998. Kwenye Thunderbird (programu ya barua pepe) ingia mipangilio ya akaunti, sehemu ya seva ya kutuma: poti 587, usalama STARTTLS (njia ya kuficha mawasiliano yasisomwe njiani), jina la mtumiaji ni anwani yako nzima. Ukipenda 465, chagua SSL/TLS, njia nyingine ya kuficha. Usizichanganye, 465 na STARTTLS huganda tu mpaka uchoke. Kwenye Outlook kuna kisanduku kinachosema seva ya kutuma inahitaji utambulisho. Kitie tiki. Hapo ndipo wengi hukwama, na yule mama alikuwa mmoja wao.

Wa Gmail: kwenye programu inayodai nywila, ile ya kawaida haikubaliki. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, kisha tengeneza nywila ya programu, ile ya herufi 16.

Hatua ya 4: soma namba ya kosa inayotokea barua ikigoma kutoka. 535 ni jina au nywila. Sasa ndiyo ruhusa ya kuigusa nywila. 550 yenye neno "relay" (kupitisha barua) ina maana hujajitambulisha, au bado unatumia seva ya kampuni ya intaneti uliyoihama, nayo haipokei wageni. Hapo tafuta seva ya anayehifadhi barua zako.

Mwenye seva yake ofisini habari yake ni nyingine, kwani yeye 25 anaihitaji kweli. Aombe anwani ya IP isiyobadilika na poti ifunguliwe, au apitishe barua zake kwa seva ya kulipia kupitia 587.

Kabla hujaondoka, kagua mashine ya fotokopi inayoskani na kutuma kwa barua pepe. Nayo ina mipangilio yake ya SMTP, na hakuna anayeikumbuka. Ya yule mama niliiacha ikigonga 25. Kesho yake asubuhi nikarudi.