Daftari la Shukrani: Namna ya Kulianza na Kulifanya Lidumu

Mimi ni mwalimu wa sekondari na mshauri nasaha wa wanafunzi. Daftari langu la kwanza la shukrani lilidumu siku 11 tu, na nilipolifungua miezi kadhaa baadaye nilikuta kila ukurasa una maneno yale yale matatu: afya, familia, kazi. Hayakuwa uongo, lakini niliyaandika huku nasinzia, kama mtu anayetia sahihi fomu asiyoisoma. Hatua zifuatazo ndizo ninazozifuata tangu nilipolianza upya.

Hatua ya kwanza: Tafuta daftari na upange siku

Daftari lolote linafaa. Simu nayo inafaa, ingawa siipendekezi, kwa kuwa ujumbe mmoja ukiingia unakuondoa kwenye jambo ulilotaka kuliandika. Andika usiku saba mfululizo ili mkono uzoee, kisha punguza hadi mara moja kwa juma. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, mwanasaikolojia Sonja Lyubomirsky na wenzake walieleza kuwa watu waliohesabu neema zao mara moja kwa juma kwa majuma sita waliongezeka furaha, ilhali waliofanya hivyo mara tatu kwa juma hawakupata ongezeko hilo. Jambo linalorudiwa mno huchuja, hata likiwa jema.

Hatua ya pili: Andika mambo matatu, kila moja na sababu yake

Hapa ndipo wengi hukwama, nami nilikwama hapa hapa. Kila jambo unaloliandika liwe na mtu, kitendo, na kile alichojinyima ili akutendee. Usiandike "namshukuru jirani". Mfano huu nimeunakili kutoka katika daftari langu:

"Mvua ilianza saa tisa nikiwa bado shuleni. Mama wa nyumba ya pili alianua nguo zangu, akazikunja, akaziweka kwenye kiti barazani kwake, soksi amezifunga mbili mbili. Nilipokwenda kuzichukua, nguo zake mwenyewe zilikuwa bado kambani, zimelowa."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito wote, nami ningeikosa kabisa kama ningeridhika na neno "jirani". Kueleza sababu ni sehemu ya zoezi lenyewe: mwanasaikolojia Martin Seligman na wenzake, mwaka 2005, waliwataka watu waandike kila usiku kwa juma moja mambo matatu yaliyokwenda vizuri na kwa nini yalikwenda hivyo. Miezi sita baadaye, washiriki hao walikuwa bado na furaha zaidi na dalili chache zaidi za sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) kuliko walivyokuwa kabla ya kuanza.

Hatua ya tatu: Jiulize ingekuwaje

Chagua jambo moja kati ya yale matatu, uwaze kwa dakika mbili kwamba halikutokea. Mimi nisingekuwa na shati la kuvaa asubuhi. Basi, inatosha.

Hatua ya nne: Mwendee mhusika umwambie

Shukrani inayobaki daftarini ni nusu ya kazi. Kwetu "asante" ni neno jepesi la kupokelea chenji, na mtu akikujia rasmi kukushukuru, jambo la kwanza unalolishuku ni kwamba anataka kukopa. Mwanafunzi wangu mmoja alimwendea mjomba wake, aliyemlipia ada tangu kidato cha kwanza, akaanza kueleza shukrani zake. Mzee akamkatiza: "Sema tu, mjomba, kuna ada nyingine inadaiwa?" Kijana alipojibu kuwa haidaiwi, mzee alinyamaza kwa muda, kisha akamwita mkewe atoke jikoni aje naye asikie.

Aibu hiyo ya kuanza ni kubwa kuliko inavyostahili. Mwaka 2018 watafiti Amit Kumar na Nicholas Epley walionyesha kuwa waandishi wa barua za shukrani hukadiria chini furaha ya mpokeaji, na hukadiria kupita kiasi namna atakavyoona haya. Anza kwa salamu inayomstahili, taja kitendo kimoja, eleza kilikusaidia nini, kisha usiombe chochote siku hiyo.

Hatua ya tano: Usiitumie shukrani kufunika dhuluma

Methali ya fadhila ya punda ni mateke hutumiwa mara nyingi kumnyamazisha anayedai haki yake. Mfanyakazi ambaye hajalipwa mshahara anaweza kumshukuru mwenzake aliyemgawia chakula usiku, na asubuhi akadai mshahara wake kwa sauti kamili. Aliyefiwa asilazimishwe kuhesabu neema, na mwenye sonona nzito apelekwe kwa daktari, kwa kuwa daftari si dawa. Faida ninazozizungumzia ni za kiasi: katika utafiti wa wanasaikolojia Robert Emmons na Michael McCullough wa mwaka 2003, walioandika neema zao kila juma kwa majuma kumi waliyaona maisha yao kuwa bora, walilalamikia maumivu machache ya mwili na walifanya mazoezi zaidi kuliko walioandika kero zao.

Hatua ya sita: Pitia kila mwisho wa mwezi

Soma kurasa zote, upigie mstari majina yanayojirudia, na uweke alama penye jina la mtu ambaye hujamwambia kitu. Mwezi uliopita jina la yule mama wa nyumba ya pili nililikuta mara nne, mara mbili kati ya hizo kwa sababu ya mvua.