Somo: Kukuza fikra tunduizi kwa swali linalofuata jibu

Mwalimu akiuliza "Mmeelewa?" na darasa zima likaitikia "Ndiyoo!", hajapata habari yoyote. Fikra tunduizi, yaani uwezo wa kupima hoja kwa ushahidi, hukua au hufa pale mwanafunzi anapomaliza kujibu na darasa linasubiri mwalimu atasema nini. Nitatumia mfano wa mkataba wa mwaka 1884 kati ya Karl Peters, Mjerumani aliyekuwa akitafuta koloni Afrika Mashariki, na Chifu Mangungo wa Msovero, katika Tanzania ya leo, mada ambayo wengi wetu tunaifundisha.

Hatua ya 1: Andaa swali lenye mabishano. "Mkataba ulifanyika mwaka gani?" halina la kujadili, ilhali "Je, hati ile inathibitisha kwamba Mangungo aliitoa nchi yake?" humlazimu mwanafunzi kutafuta ushahidi.

Hatua ya 2: Nyamaza. Katika miaka ya 1970 mtafiti Mary Budd Rowe wa Marekani alionyesha kwamba kwa kawaida walimu husubiri jibu takriban sekunde 1 tu, na kwamba wakisubiri sekunde 3 au zaidi, majibu hurefuka na wanafunzi wakimya nao huanza kuchangia.

Hatua ya 3: Kila mmoja aandike sentensi moja daftarini, kisha amsomee jirani yake.

Hatua ya 4: Lifuatilie jibu. Mwanafunzi akisema "Alidanganywa", usikimbilie "Vizuri sana, mpigieni makofi", kwa maana makofi (nasi tunayapenda mno) huufunga mjadala. Muulize: "Umejuaje?" Akijibu kwamba hati iliandikwa kwa Kijerumani, ligeuzie darasa swali: "Basi Mangungo alielewa kwamba anakubali nini?" Hapo watajie kwamba hati yenyewe ilijiita mkataba wa urafiki wa milele, uwaulize ni nani aliyeiandika na aliyeiandika alinufaika vipi. Usitoe msimamo wako mpaka angalau wanafunzi wawili wamepingana kwa hoja.

Maswali ya walimu

Swali: Mwalimu, darasa langu lina wanafunzi zaidi ya 80 na kipindi ni dakika 40. Mada zitakwisha lini?
Jibu: Swali moja la namna hii kwa kipindi linatosha. Wanaoketi dawati moja ndio wajadiliane. Wewe pita, sikiliza madawati machache, kisha uwaite waliotofautiana.

Swali: Wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza hawajakimudu Kiingereza, hivyo mjadala hufa.
Jibu: Waache wajadiliane kwa Kiswahili, kisha uwasaidie kuiandika hoja kwa Kiingereza ubaoni. Ukianza na Kiingereza utakuwa unapima lugha, wala si fikra, na watakaozungumza ni walewale watatu wa kila siku.

Swali: Wazazi wanalalamika kwamba tunawafundisha watoto ubishi. Niwajibuje?
Jibu: Malalamiko hayo yana msingi iwapo watoto hawajafundishwa namna ya kupinga. Andika ubaoni "Naomba kutofautiana na mwenzangu, kwa sababu…" na usimpokee anayepinga bila kuimalizia sentensi hiyo, hata kama jibu lake ni sahihi.