Sheria ndogo inayolenga aina ya mbwa: namna ya kuipinga kabla haijapitishwa

Rasimu za namna hii huja kwa kasi. Mtoto ameumwa, picha zimesambaa, na kabla wiki mbili hazijaisha halmashauri ina karatasi mezani inayopiga marufuku pitibuli, rotwaila na wengine wanaofanana nao. Wenye mbwa huenda kwenye kikao na picha za mbwa wao wakiwa wamelala na watoto, wanalia, wanashindwa. Wanashindwa kwa sababu wamejibu swali ambalo diwani hakuulizwa. Wapiga kura hawakumuuliza kama mbwa wako ni mpole. Wamemuuliza atafanya nini ili mtoto mwingine asiumwe. Asipopewa jibu lingine atachukua lile lililo mezani, maana hawezi kurudi kwa watu wake mikono mitupu.

Kwa hiyo kazi yako ina sehemu mbili: kuonyesha kwamba sheria hii haitamlinda mtoto, na kumpa diwani sheria nyingine iliyoandikwa tayari, itakayomlinda. Watu wengi hufanya ya kwanza wakasahau ya pili, na ya pili ndiyo yenye uzito.

Pata karatasi yenyewe

Usipinge ulichosikia redioni. Nenda kwa karani wa halmashauri uombe rasimu kamili, muhtasari wa kikao ilipotajwa mara ya kwanza, ripoti yoyote ya wataalamu iliyoambatana nayo, na tarehe ya hatua inayofuata. Uliza pia siku ya mwisho ya kupokea maoni ya maandishi, kwa sababu mara nyingi hufungwa siku kadhaa kabla ya kikao. Barua iliyochelewa haiingii kwenye kumbukumbu, hata iwe nzuri namna gani.

Ukishaipata, anza na kifungu cha tafsiri, kile kinachosema "mbwa aliyezuiwa" ni yupi. Humo ndimo ubovu unamokaa. Mara nyingi utakuta maneno kama haya: "mbwa yeyote wa aina zilizotajwa, chotara wake, au mbwa yeyote mwenye maumbile yanayofanana kwa kiasi kikubwa na ya aina hizo." Yasome polepole. Kiasi gani ni "kikubwa"? Nani atakayeamua, daktari wa mifugo, askari, au jirani aliyepiga simu? Chotara wa kizazi cha ngapi? Mwenye mbwa ndiye atakayethibitisha kwamba mbwa wake si wa aina hiyo, au halmashauri ndiyo itakayothibitisha kwamba ni wa aina hiyo? Kila swali lisilo na jibu ndani ya rasimu liandike pembeni ya kifungu chake. Hayo ndiyo utakayompelekea mwanasheria wa halmashauri, na yeye ndiye mtu wa kwanza anayeweza kuirudisha rasimu nyuma bila kelele.

Jambo hili la sura si dogo. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika vituo vinne vya kuhifadhi mbwa nchini Marekani. Wafanyakazi 16 waliangalia mbwa 120 na kutaja aina zao, kisha damu ikapimwa vinasaba. Wafanyakazi waliwaita 62 kati yao mbwa wa jamii ya pitibuli. Vinasaba vya jamii hiyo vilipatikana kwa 25 tu. Hao ni watu wanaoshika mbwa kila siku. Askari wa halmashauri atafanya vizuri kuliko hao kwa kipimo gani?

Kabla ya kwenda mbali, angalia kama halmashauri ina mamlaka hayo. Nchini Marekani majimbo zaidi ya 20 yanazuia au kubana sheria za miji zinazotaja aina ya mbwa. Kaunti ya Miami-Dade ilikuwa na marufuku ya pitibuli tangu 1989. Mwaka 2012 wapiga kura waliulizwa, wakaamua ibaki. Iliyoiondoa ni sheria ya jimbo la Florida ya mwaka 2023. Kama sheria ya juu inakataza, barua moja ya wakili yenye namba ya kifungu inatosha, na ipeleke mapema, siyo usiku wa kura.

Kumbukumbu za kuumwa

Hapa pasipofanyiwa kazi, mengine yote yatakuwa maneno matupu. Omba kwa maandishi kumbukumbu za miaka mitano za watu walioumwa na mbwa katika eneo la halmashauri, majina yakiwa yamefutwa. Kwa kila tukio taka tarehe, mahali, umri wa aliyeumwa, kama mbwa alikuwa amefungwa, yuko ndani ya uzio au anazurura, kama mwenyewe alijulikana, kama kulikuwa na malalamiko ya awali juu ya mbwa huyo, kama alichanjwa na kuhasiwa, na jeraha lilikuwa la kiwango gani.

Zipange kwenye jedwali, kisha hesabu mambo matatu: mbwa wangapi walikuwa wanazurura, wangapi walishalalamikiwa kabla, na wenye mbwa wangapi walishapewa onyo lakini hakuna aliyefuatilia. Ukikuta kwamba sheria iliyopo ya kufunga mbwa haikusimamiwa, umepata hoja nzito kuliko zote, kwa sababu halmashauri haiwezi kusema inahitaji sheria mpya wakati ya zamani imelala kabatini. Ukikuta vingine, usifiche. Kama matukio mengi makubwa yametokea ndani ya nyumba kwa watoto walioachwa peke yao na mbwa, basi pendekezo lako lielekee huko.

Safu ya "aina ya mbwa" katika kumbukumbu hizo usiitumie hata kama inakupendelea. Imejazwa na aliyeumwa, au na karani aliyesikia kwa simu. Ukiitumia leo kwa faida yako, kesho wataitumia dhidi yako na hutakuwa na la kusema.

Kisha weka utafiti mmoja juu ya jedwali hilo, siyo kumi. Ulio bora ni wa mwaka 2013 uliochunguza vifo 256 vilivyosababishwa na mbwa Marekani kati ya 2000 na 2009. Katika 87% ya vifo hapakuwa na mtu mzima mwenye uwezo wa kuingilia kati. Katika 84% mbwa hakuwa amehasiwa. Katika 76% mbwa alikuwa akiishi ametengwa na watu, amefungwa uani au kwenye nyororo, bila kuzoeana na familia. Sababu nne au zaidi zilikutana pamoja katika 80% ya vifo. Aina ya mbwa iliweza kuthibitishwa katika matukio 45 tu. Diwani akiuliza kama hiyo ni tabia ya kuzaliwa, mwambie kwamba utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022, uliohoji wenye mbwa zaidi ya 18,000, ulikuta aina ya mbwa inaeleza takriban 9% tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa na mbwa.

Usiseme kwamba "hakuna utafiti wowote unaounga mkono marufuku." Si kweli, na mtu wa upande wa pili atakuumbua mbele ya kikao. Upo wa Manitoba, Kanada, wa mwaka 2013, uliodai kuona kupungua kwa watu waliolazwa hospitali baada ya marufuku. Jibu lake ni wa Odense, Denmark, wa mwaka 2018: mwaka 2010 nchi ilipanua marufuku yake ikafikia aina 13, na hesabu za hospitali hazikuonyesha mabadiliko yoyote yaliyoletwa na sheria hiyo. Sema yote mawili. Anayetaja ushahidi unaompinga ndiye anayeaminiwa anapotaja unaomsaidia.

Historia nayo ina nguvu yake. Uholanzi iliweka marufuku ya pitibuli mwaka 1993, ikatangaza kuiondoa mwaka 2008 kwa kuwa haikupunguza watu kuumwa. Italia ilifuta orodha yake mwaka 2009. Montreal ilipitisha marufuku mwaka 2016, uongozi mpya ukaiweka kando mwaka uliofuata. Denver ilikaa na marufuku tangu 1989 hadi wapiga kura walipoiondoa Novemba 2020. Uingereza imefuata njia nyingine: sheria yake ya 1991 ilitaja aina nne, na zaidi ya miaka 30 baadaye ikabidi iongeze ya tano, XL Bully. Orodha huwa hairefuki kwa bahati mbaya. Inarefuka kwa sababu mtu anayetaka mbwa wa kutisha hahitaji aina fulani, anahamia kwa aina ambayo haijaandikwa bado.

Andika sheria mbadala

Usipeleke wazo, peleka vifungu. Kurasa mbili zinatosha. Calgary, Kanada, inajulikana kwa kusajili mbwa wote, kutoza faini zinazouma, na kumhukumu mbwa kwa alichofanya. Jimbo la Niedersachsen, Ujerumani, halina orodha ya aina. Linamtaka anayeanza kufuga mbwa afanye mtihani wa nadharia na wa vitendo.

Kiini cha rasimu yako kiwe ngazi. Ngazi ya kwanza ni mbwa aliyezurura au kumtisha mtu: onyo la maandishi, faini, na siku 14 za kurekebisha uzio. Ya pili ni mbwa aliyeuma bila kuchokozwa: kuhasiwa, chipu ya utambulisho chini ya ngozi, kifunga mdomo na kamba isiyozidi mita mbili kila atokapo. Ya tatu ni aliyejeruhi vibaya au aliyerudia: hapo suala liende mbele ya mahakama au baraza lenye mamlaka, mwenye mbwa akiwa na haki ya kusikilizwa na kukata rufaa. Kifungu chenyewe kinaweza kuandikwa hivi:

"Mbwa wa hatari ni mbwa ambaye, bila kuchokozwa na nje ya kumlinda mtu au makazi dhidi ya uvamizi, amemuuma mtu au kumjeruhi mnyama wa kufugwa. Aina, sura au ukubwa wa mbwa peke yake havitakuwa ushahidi kwamba ni wa hatari."

Sentensi ya pili ndiyo unayoipigania. Nyingine zote unaweza kujadiliana.

Ongeza kifungu kinachomzuia mtu aliyepatikana na kosa la ukatili kwa wanyama, au aliyeshindwa kutii amri mara mbili, kumiliki mbwa kwa muda fulani. Wapinzani wengi wa mbwa hulainika hapo, kwa kuwa wanachokiogopa hasa ni mtu yule mmoja wa mtaani anayejulikana na wote. Weka pia gharama. Uliza rasimu yao inataja mabanda mangapi ya kuwaweka mbwa waliokamatwa wakisubiri kesi, nani analipa chakula, nani analipa kipimo cha vinasaba. Kesi moja ya kubishania sura ya mbwa inaweza kukaa miezi, na muda wote huo mbwa anakula kwenye banda la halmashauri.

Kabla ya kikao

Kura hupatikana kabla ya kikao, mara chache ndani yake. Orodhesha madiwani wote, tafuta mkazi wa kila kata aende kumwona wa kwake, wawili wawili, dakika 15, na karatasi moja ya kuacha mezani. Barua ziandikwe na wakazi na zitaje kata. Mamia ya ujumbe kutoka nchi za mbali, hasa wenye matusi, huwafanya madiwani wajifungie upande wa pili, na mara nyingi ndio unaozima kampeni nzuri.

Kwenye meza yako watu wanaohitajika zaidi si wafugaji. Daktari wa mifugo, afisa wa kudhibiti wanyama, mhudumu wa posta, muuguzi wa chumba cha dharura. Chama cha madaktari wa mifugo cha Marekani kinataka sheria za mbwa hatari zisitaje aina, RSPCA, shirika la kutetea wanyama la Uingereza, inapinga sheria za aina, na chama cha mawakili cha Marekani kilipitisha azimio dhidi yake mwaka 2012. Taja moja au mbili, usisome orodha.

Familia ya aliyeumwa ikiwepo, mwenzenu mmoja azungumze nao kwa heshima kabla ya kikao. Wapeni pole ya kweli, waonyesheni rasimu yenu, waulizeni kama ingemzuia mbwa yule. Kamwe msiseme mtoto ndiye aliyechokoza, wala msiseme "mbona mbwa wadogo ndio wanaouma zaidi." Na msiwatupie mzigo wafugaji wa aina nyingine. Hoja ya "wapigeni marufuku wale" inakubali msingi wote wa sheria mnayoipinga.

Dakika tatu za kusema ni maneno 300 hivi kwa mwendo wa utulivu. Sekunde 20 kwa jina, kata, na pole kwa aliyeumwa. Dakika moja kwa jedwali la halmashauri yenu. Dakika moja kwa rasimu mbadala. Zilizobaki kwa ombi moja linaloweza kupigiwa kura: rasimu irudishwe kamatini kwa siku 60 ilinganishwe na hii. Siku 60 ni kura rahisi kwa diwani mwenye wasiwasi. Msemaji wa pili asirudie ya kwanza, achukue kifungu cha tafsiri na maswali yake.

Ikionekana itapita

Hesabu kura. Kama hazitoshi, gawana kazi: wengine waendelee kupinga, wewe kaa na diwani mwenye kusikiliza mjadili marekebisho. Mbwa waliopo wabaki kwa wenyewe kwa usajili. Mzigo wa kuthibitisha aina uwe wa halmashauri. Pawe na rufaa, na mbwa asiuawe kabla haijaisha. Sheria ife yenyewe baada ya miaka miwili isipopitishwa upya kwa takwimu.

Ikipita, tii huku unapinga. Sajili mbwa ndani ya muda hata kama unaamini sheria ni batili. Uingereza ilitoa hadi mwisho wa Januari 2024 kuomba kibali cha kubaki na XL Bully. Kuanzia Februari mosi, kuwa naye bila kibali kukawa kosa la jinai, na mbwa ndiye hulipa kwanza. Weka faili lenye chipu, chanjo, cheti cha kuhasiwa, picha za pande zote nne, na barua ya daktari wa mifugo kuhusu tabia yake. Mwone wakili wiki hiyohiyo, maana muda wa kupinga sheria ndogo mahakamani huwa mfupi. Kisha, kila baada ya miezi mitatu, rudi kwa karani uombe kumbukumbu za kuumwa zilezile, kwa fomu ileile, uziongeze kwenye jedwali.