Kabla hujalishika koti la judo: andaa vidole vyako

Judo huanza na mshiko. Humtupi mtu kabla hujamkamata kwenye ukosi na mkono wa koti, na koti lenyewe hufumwa zito makusudi ili lisichanike. Vidole ndivyo vinavyobeba mzigo wa kwanza. Ushauri wangu kwa anayetaka kuanza ni huu: viandae wiki kadhaa kabla ya randori, yaani pambano la mazoezi.

Misuli mikubwa inayokunja vidole haiko vidoleni. Iko kwenye kigasha, nayo huvivuta kwa kano ndefu zinazopita kwenye kifundo cha mkono. Misuli hupata nguvu ndani ya wiki chache, lakini kano huchukua miezi. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu mkono hujisikia imara wakati kano bado hazijakomaa.

Kwa hiyo anza na taulo au koti kuukuu. Litupie juu ya chuma cha kuning'inia, shika ncha zake mbili, na uache miguu iguse chini ipunguze uzito. Sekunde kumi mpaka ishirini zinatosha mwanzoni, mara mbili au tatu kwa wiki, usifululize siku. Ongeza muda kwanza, uzito baadaye. Wanakarate wa mtindo wa Goju-ryu kule Okinawa, Japani, wana mitungi waiitayo nigiri-game: huishika kwenye mdomo wa mtungi kwa ncha za vidole, na mchanga huongezwa ndani kidogo kidogo. Napenda subira ya zoezi hilo. Mtoto ambaye mifupa yake bado inakua asipewe kabisa uzito wa ziada wa kuning'inia.

Usisahau upande wa pili. Anayefunga ngumi tu bila kuzoeza vidole kufunguka anaweza kuishia na maumivu ya kiwiko. Vika vidole vyote mpira mwembamba wa kufungia noti, kisha uvitanue taratibu mpaka kigasha kichoke.

Jifunze pia namna ya kushika. Nguvu itoke kwenye vidole vitatu vya mwisho, gumba na shahada vilegee kidogo. Kifundo kisikunjwe kwa ndani: jaribu kufumba ngumi hali umekikunja hivyo, utaona nguvu inavyokutoka. Usiingize vidole ndani ya tundu la mkono wa koti. Kanuni za mashindano zinakataza, na kitambaa kikisokotwa, kidole hunaswa humo. Zaidi ya yote, zoea kuachia. Mwenzako akiung'oa mshiko kwa nguvu, mpe koti lake ushike upya. Kung'ang'ania ndiko kunakovunja vidole.

Siku ya mazoezi kata kucha, vua pete na bangili, pasha vidole moto kwa kuvikunja na kuvikunjua. Kidole chenye maumivu madogo kifungwe plasta pamoja na jirani yake, isibane mpaka ncha ikabadilika rangi. Kilichovimba hakitibiwi na plasta, kipumzishe.

Kuna dalili mbili za kuzijua mapema. Ncha ya kidole ikiinama na ikakataa kunyooka yenyewe, kano ya juu, ya upande wa mgongo wa kidole, imekatika au imeng'oka: hufungwa gango ikiwa imenyooka, mfululizo kwa wiki sita mpaka nane, bila kuiacha ikunjike hata wakati wa kuoga. Ncha ikikataa kukunjika baada ya mshiko kung'olewa, hasa kidole cha pete, huenda kano ya chini, ya upande wa kiganja, imeng'oka. Hiyo kwa kawaida huhitaji upasuaji, na siku zikipita kano hujivuta kuelekea kiganjani, kazi ya daktari ikawa ngumu zaidi. Basi kabla hujaanza msimu, ulizia ni hospitali gani ya karibu yenye eksirei na daktari wa mifupa.