Namna ya Kuendesha Klabu ya Hadithi za Kisayansi na Fantasia Katika Shule za Sekondari za Kigoma

Klabu nyingi za aina hii huanzishwa na wanafunzi wawili watatu walioipenda filamu fulani wakati wa likizo, nazo hufifia pindi mazungumzo kuhusu filamu hiyo yanapokwisha. Katika mkoa wa Kigoma, ambako vitabu vya hadithi ni adimu katika maktaba nyingi za shule na mwanafunzi wa bweni haruhusiwi kuwa na simu, klabu inayotegemea filamu au vitabu vya kupakua kwenye intaneti hutegemea vitu ambavyo haina. Msingi ulio imara zaidi ni kuandika na kusomeana, yaani kitabu kimoja kinachosomwa kwa sauti, pamoja na hadithi ambazo wanachama wenyewe huzitunga, huzisoma mbele ya wenzao na kuulizwa maswali.

Mtafuteni mwalimu mlezi kabla ya kumwona mkuu wa shule. Ushauri wangu ni kwamba mlezi awe mwalimu wa Kiswahili au wa Kiingereza, na mwalimu wa fizikia au wa baiolojia aombwe kuja mara mojamoja kuamua ubishi, kwa sababu walimu wa sayansi huwa wachache na wenye vipindi vingi, na ni rahisi kwao kukubali kualikwa mara mbili kwa muhula kuliko kubebeshwa klabu nzima. Barua ya maombi itaje siku, chumba, saa ya kuanza na ya kumaliza, na kazi itakayoonekana mwisho wa muhula. Kinachomsumbua mkuu wa shule kwa kawaida ni kundi la wanafunzi lililojifungia darasani Jumamosi jioni bila mtu mzima anayejua linafanya nini, kwa hiyo barua ijibu hilo kwanza. Ikiwa shule ina kanuni ya kuzungumza Kiingereza saa zote, ombeni mjadala ufanyike kwa Kiswahili na hadithi ziandikwe kwa lugha yoyote kati ya hizo mbili, ili mwanafunzi wa kidato cha pili anayejua hasa kwa nini roketi ya mwenzake haiwezi kutua asinyamaze kwa kukosa msamiati.

Uongozi ufuate kalenda ya mitihani. Kidato cha sita hufanya mtihani wa taifa mwezi Mei na kidato cha nne mwezi Novemba, nao kidato cha tano huingia mwezi Julai. Klabu iliyoweka viongozi wote kidato cha sita hujikuta haina hata daftari la mahudhurio ifikapo Juni. Kidato cha sita wakabidhi madaraka mwezi Februari, na kidato cha nne kabla ya likizo ya katikati ya mwaka. Mwenyekiti, katibu na mtunza vitabu wanatosha. (Klabu yenye makamu wa kila cheo huishia kuwa na viongozi wengi kuliko wasomaji.) Mchango, kama upo, uwe wa daftari na kopi tu, na uandikwe.

Katika kuandikisha wanachama, msiwafuate wanasayansi peke yao. Mwanafunzi wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) atajua mwendo wa chombo, lakini mara nyingi ni mwenzake wa HKL (historia, Kiswahili na Kiingereza) atakayeuliza nani anakipikia chakula kikosi kilichomo, na nani aliachwa nyumbani. Mkiweza, kila hadithi ndefu iandikwe na wawili, mmoja kutoka kila upande.

Kuhusu vitabu, chama cha wanafunzi wa namna hii katika chuo cha MIT nchini Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1949, kinajulikana zaidi kwa maktaba yake kubwa. Ninyi mnaweza kuanza na rafu moja. Kitabu kizuri cha kuanzia ni Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951, kwa sababu hupatikana kwa urahisi na kinaeleza nchi iliyo angani ambayo wajumbe wake sita hutumwa pande zote, pamoja na juu mbinguni na chini ardhini, kisha huadhibiwa warudipo na mapendekezo ya kuinufaisha. Baadaye tafuteni Walenisi cha Katama Mkangi cha mwaka 1995, ambamo mhusika hufika katika nchi ngeni inayoendeshwa kwa utaratibu tofauti kabisa na wa kwao. Msitoe kopi ya kitabu kizima, kwani hilo huvunja haki ya mwandishi, na isitoshe nakala moja inatosha ikisomwa kwa sauti kwa zamu, dakika 20 kila kikao. Msomaji asimame mahali ambapo jambo halijaamuliwa bado, kisha waliobaki waseme ni kitu gani kimebadilishwa kutoka dunia tunayoijua, na ni mambo gani mengine yangelazimika kubadilika pamoja nacho.

Swali hilo ndilo uti wa mgongo wa klabu, nalo lihamie kwenye maandishi ya wanachama kwa kanuni moja: kila hadithi iruhusiwe jambo moja lisilowezekana, na mengine yote yaendane nalo. Ziwa Tanganyika linafaa kwa zoezi hili kuliko sayari za mbali. Lina urefu wa kilomita 670 hivi na kina kinachofikia takriban mita 1,470; kwa kuwa uso wake uko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, sakafu yake ya chini kabisa iko mita 700 hivi chini ya usawa huo. Kuanzia kina cha mita 200 hivi kwenda chini maji hayana oksijeni, kwa hiyo dagaa na migebuka tunaowala huishi katika tabaka la juu tu. Mpeni mwanachama kazi ya kutunga safari ya watu watatu ndani ya chombo kinachozama hadi mita 1,000. Mwanafunzi wa fizikia atamkumbusha kwamba kwa kila mita 10 za maji mgandamizo huongezeka kwa kiasi kinachokaribia ule wa hewa ya nchi kavu, hivyo ukuta wa chombo utabanwa kwa nguvu ya mara 100 hivi. Mwanafunzi wa baiolojia atauliza yule kiumbe mkubwa anayechungulia dirishani anapumua nini. Mwandishi ana haki ya kujibu kwamba kiumbe huyo ndiye jambo lake moja lisilowezekana, lakini akishalitumia hapo hawezi kulitumia tena kuuokoa ukuta.

Zoezi la pili ni la historia iliyogeuzwa. Meli ya Liemba ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa Kigoma ikiwa vipande ndani ya makasha, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Swali la maisha ya vijiji vya mwambao kama isingeibuliwa linatosha kikao kizima. Kwa shule zilizo mbali na maji, kama za Kasulu na Kibondo, tungeni mazungumzo kati ya mama aliye nyumbani na mwanawe aliye Mirihi, ambako ujumbe wa redio huchukua kati ya dakika 3 na 22 kufika kulingana na mahali sayari hizo mbili zilipo. Hakuna awezaye kumkatiza mwenzake, na habari ya msiba itapokewa huku mwana bado anatuma vichekesho.

Hadithi inaposomwa, mwandishi akae kimya hadi wenzake wamalize kuuliza, na maswali yaanze na kanuni za ulimwengu wake kabla ya kugusa tahajia au mwandiko. Mlezi asikubali maneno kama "ni nzuri" au "ni mbaya" bila kuonyeshwa sentensi inayohusika.

Upande wa fantasia unadai uangalifu ambao vitabu vya nje havitawafundisha. Katika mikoa ya magharibi na Kanda ya Ziwa, imani za kishirikina zimewahi kugharimu maisha ya watu wenye ualbino na ya wanawake wazee, na huenda darasani yumo mwanafunzi ambaye familia yake iliguswa. Klabu iweke katika katiba yake kwamba uchawi wa hadithini ni sehemu ya ulimwengu uliobuniwa, wenye gharama na mipaka iliyoelezwa. Kwamba hadithi haitamlenga mtu, ukoo au kijiji halisi. Na kwamba viungo vya mwili wa binadamu havitatajwa kuwa dawa au chanzo cha nguvu, hata kwa mhusika mwovu. Mzazi akilalamika kwamba watoto wanafundishwa ushirikina, aonyeshwe kifungu hicho na aalikwe kikaoni. Mazimwi na majini wa ngano za bibi zetu hawana neno. Wamo hata katika masomo ya fasihi simulizi.

Filamu iwe moja kwa muhula, umeme na projekta vikiwapo, nayo iwe imetazamwa kwanza na mlezi. Mjadala ufanyike siku hiyohiyo.

Mwisho wa mwaka kusanyeni hadithi zilizorekebishwa, mzinakili kwa mwandiko safi au kwa kompyuta ya ofisi, mpeleke steshenari zikajalidiwe, na nakala moja iwekwe maktabani kwa idhini ya maandishi ya kila mtunzi. Andikeni jina la mtunzi, kidato na mwaka. Nakala ya pili inaweza kutumwa kwa shule jirani ikiambatana na barua inayoomba wasomaji wao watume maswali yao kwa watunzi, na maswali yatakayorudi yawe kazi ya kikao cha kwanza cha Januari.