Chama chenu cha ndugu kikitaka kusaidia watu wa nje: venye sisi hufanya hapa Kisumu

Kuna vijana wa Nyalenda wanaanzisha chama cha wanaume, na mwingine ako Mumias, wote wameniuliza swali moja, mnafanya aje ndio pesa ya kusaidia watu ifike na isilete vita kwa chama. Mimi nimekuwa mweka hazina wa chama chetu miaka saba, tuko memba 26, kuna fundi wa magari, walimu, watu wa boda, mmoja ako na duka la dawa, na tunaitana ndugu na tunamaanisha. Nimeandika ile tunafanya, na sehemu nyingine ni vitu tulijifunza baada ya kukosea.

Kwanza kabisa tenganisheni mifuko. Welfare ni ya memba na familia zao, sadaka ni ya watu wa nje, na hizo pesa mbili zisikae mahali pamoja hata wiki moja. Zikikaa pamoja unajua venye itaenda, ndugu amefiwa na mama mkwe, inatakikana tenti, viti, gari ya kubeba mwili mpaka Siaya, na nani atasimama kwa mkutano aseme hapana hiyo nyingine ni ya yatima wa mtaa? Hakuna. Kwa hivyo amueni kabla msiba haujakuja. Sisi kila memba hutoa 500 kwa mwezi, 350 inaenda welfare, 150 inaenda sadaka. 150 mara 26 ni 3,900. Shika hiyo hesabu, nitairudia.

Na mifuko miwili inataka watu wawili. Hii tuliitoa kwa Freemason, wale wanafuata utaratibu wa Uingereza, lodge yao, yaani tawi lao, huwa na afisa anaitwa Almoner wa kuangalia memba wagonjwa na wajane wa memba, alafu kuna mwingine tofauti anaitwa Charity Steward, huyo ni wa pesa inayoenda kusaidia nje. Najua huku kwetu ukitaja Freemason kuna mtu ataanza kukemea, lakini hapa naongea juu ya mpangilio wa kazi peke yake, na ni mpangilio mzuri. Kwetu kuna ndugu wa ndani na ndugu wa nje, na mimi sitoi shilingi bila mmoja wao kuandika na kuweka sahihi.

Sasa hii ndio maneno iko kwa roho yangu. Huku magharibi sisi tunajua kuchangia maiti. Mtu akifa leo, kufikia kesho jioni kuna kamati, kuna bajeti, kuna grupu ya WhatsApp, watu wametuma mpaka wa ng'ambo. Huyo huyo akilala kitandani miezi minne akitafuta 2,000 ya dawa, simu hazishikwi. Nimebeba jeneza la mtu ambaye pesa ya hilo jeneza ingemlipia dawa mwaka mzima, na sijasahau. Kuna chama cha zamani kinaitwa Odd Fellows, kilitoka Uingereza, Marekani kikaanzishwa na Thomas Wildey huko Baltimore mwaka wa 1819, na hawa wako na kazi nne za memba: kumtembelea mgonjwa, kumsaidia aliye kwa shida, kuzika wafu, kusomesha yatima. Angalia mpangilio. Mgonjwa ni wa kwanza, maiti ni ya tatu. Ndio nikaomba ndugu zangu tuandike kwa katiba yetu kwamba pesa ya sadaka haiendi kwa mazishi kabisa, mazishi tuchange kando mtu kwa mfuko wake, na hiyo 3,900 ni ya walio hai. Walibishana mikutano miwili mizima. Wakakubali.

Kumpata mtu wa kusaidia usitegemee nani analia sana kwa mlango wa kanisa. Ongea na mhudumu wa afya wa kijiji, wale CHP, hao huzunguka nyumba kwa nyumba na wengi wako na ile mashine ya presha na ya kupima sukari, wanajua nani ameacha dawa. Ongea na mwalimu, ongea na mzee wa nyumba kumi, na ukisikia jina moja limetajwa na watu watatu ambao hawajakaa pamoja, hapo enda. Lakini enda mikono mitupu. Najua inaumiza, sisi huku hatutembelei mtu bila kitu, lakini nisikize.

Kuna mama mmoja wa Manyatta, mtu mzima, tulitumwa kwake na CHP. Tulienda wawili. Nikasema, "Mama, tumekuja kukusalimia tu." Akasema, "Karibuni watoto wangu, hata nilikuwa naweka chai." Akaleta chai ya rangi, haina sukari, nikafikiri ni umaskini. Alafu akafungua kabati atoe kikombe cha pili na mimi nikaona ndani. Pakiti za sukari za kilo mbili, zimepangwa moja juu ya nyingine, nikazihesabu, saba, na zile za chini zilikuwa zimeganda kama mawe na karatasi imeanza kuwa ya njano. Akaona naangalia. Akasema, "Watu wa kanisa wakikuja ni sukari na mkate, wa chama ni sukari na mkate, wa siasa ni sukari na mkate, na mimi niko na ugonjwa wa sukari, siwezi kula, na kuwaambia naona aibu." Pakiti ya nane ilikuwa kwa begi langu, kwa mapaja, nikaishikilia mpaka tukatoka.

Chenye alikuwa anataka ni vile vijiti vya mashine ya kupima sukari, nauli ya boda ya kwenda kliniki na kurudi, na mtu wa kumshika mkono akifika Russia, hivyo ndio wazee wanaita hospitali ya Jaramogi hapa Kisumu, juu macho yake yamepungua na hasomi namba ya foleni. Ndugu mwenye duka la dawa akatoa vijiti kwa bei ya kununulia. Ndugu wa boda akampeleka kila tarehe ya kliniki. Kwa mwezi mzima ilitoka chini ya 1,500.

Tangu hiyo siku ziara ya kwanza ni ya kuuliza tu. Tunauliza mwezi uliopita ni kitu gani ilikuwa ngumu zaidi, saa hii ni nani anakusaidia na anasaidia na nini, na la mwisho, sisi tukisema tulete kitu, ni gani tusilete? Hilo la mwisho ndio lenyewe. Mtu ambaye anaona aibu kuomba, ukimuuliza hataona aibu kukuambia kitu ambacho hataki.

Sasa pesa. Ikiwezekana lipa pale inapodaiwa, moja kwa moja, na usiseme ni juu humwamini mtu. Mwaka wetu wa pili tulipea mjomba wa mtoto fulani pesa ya shule mkononi. Mvua ilikuwa imeshika, nyumba inavuja, watoto wanne wanalala wamekaa, akanunua mabati. Mtoto akarudishwa nyumbani. Huyo mzee hakuiba na nitamtetea mpaka leo, sisi ndio tulimwekea mtihani ambao hata mimi ningeanguka. Sasa tunalipa kwa akaunti ya shule na namba ya mtoto ya usajili, alafu risiti anapewa mzazi aitunze yeye. Na ujue unalipa nini, sekondari ya kutwa serikali imepanga 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, kwa hivyo karo yenyewe haifai kuwa ndio shida, mtoto anarudishwa juu ya pesa ya chakula cha mchana na sare, uliza hizo kwanza.

Na sasa turudi kwa ile 3,900. SHA, ile bima ya afya ya serikali, kwa mtu asiye na mshahara, kiwango cha chini kabisa ni 300 kwa mwezi, na inalipwa ya mwaka mzima mara moja, hiyo ni 3,600. Mchango wetu wa sadaka wa mwezi mmoja unafunika nyumba moja mwaka mzima na 300 inabaki ya nauli. Mnaanza na kumwandikisha kwa *147#, kuna maswali ya kupima uwezo wa nyumba, ajibu yeye mwenyewe mkiwa mmekaa naye, msimjibie, na msiguse PIN yake. Maswali yanaweza kutoa kiwango cha juu ya 3,600, kwa hivyo msiahidi mpaka mwone imetoka ngapi. Kama hamjui mtaanza na nini, mimi ningewaambia muanze na hii, tafuteni wazee kumi na mbili, mmoja kila mwezi, mwaka umeisha.

Pesa isikae kwa simu ya mtu. Hata kama ni mimi. Ndugu mmoja alikuwa anakusanya kwa laini yake, mtu mzuri sana, lakini alikuwa na deni la mkopo wa simu, ile pesa ya watu ikaingia usiku na yote ikakatwa deni kabla hajaamka. Alilipa, ilimchukua wiki tano, na hizo wiki tano hakukuja mkutano juu ya aibu, tulikuwa karibu kumpoteza kama ndugu kwa sababu ya elfu chache. Fungueni akaunti ya chama, watu watatu wa kuweka sahihi, wawili wakiwepo ndio pesa inatoka, na kila mwisho wa mwezi mweka hazina aweke taarifa ya benki kwa grupu bila kuulizwa. Benki itawaitisha cheti cha usajili, enda ofisi ya maendeleo ya jamii ya sub-county yenu, sheria ya vikundi vya jamii ya 2022 inataka muwe memba kumi au zaidi, na mbebe katiba, kumbukumbu za mkutano wa kwanza na nakala za vitambulisho.

Picha. Hapa huwa nakasirika kwa hivyo nitasema kwa ufupi. Msipige mtu picha akipokea unga. Anaishi kwa huo mtaa, watoto wake wanasoma na wa kwenu, na picha ya mtoto bila ruhusa ya mzazi hata Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haikubali. Memba wakitaka kuona kazi imefanyika, piga risiti picha, piga mabati picha, piga dawati picha. Inatosha.

Wakati wa mafuriko, Ahero na Nyando au huko Budalangi Nzoia ikivunja kingo, kila mtu anakimbiza nguo kuukuu na zinalala kwa ua wa shule zikinyeshewa. Pigia simu mtu ako ndani ya kambi. Mara nyingi utasikia neti za mbu, sufuria, dawa ya kutibu maji ya kunywa, pedi za wasichana.

Alafu kuna jambo vyama vingi havifikirii, siku ya kuacha. Ukianza kumsaidia mtu mwambie siku ya kwanza ni mpaka lini, sisi husema mwaka mmoja alafu tutakaa chini tena, na miezi mitatu kabla tunamkumbusha. Kusaidiwa miezi minne na kuachwa bila neno ni mbaya kuliko kutosaidiwa, juu huyo mtu alikuwa ameshapanga maisha yake juu ya neno lako. Bora nyumba tatu mtimize kuliko kumi na tano mkimbie.

Na mtu akitaka kuwapa kitu, pokeeni. Msikatae, hata kama mnajua nyumba yake iko aje, hasa kama mnajua. Ule mama wa Manyatta mwaka wake ukiisha alitupigia tukuje. Alikuwa amefunga jogoo miguu na kitambaa, mwekundu, mzito, akampa ndugu wa boda na mikono miwili akasema, "Huyu ni wenu wote, si wako." Tulimpeleka mkutano wa Jumapili, ndugu mmoja akamnunua 1,200, pesa ikarudi kwa mfuko wa sadaka. Kwa kitabu changu iko kwa upande wa michango, mstari mmoja na ya memba wengine: mama, Manyatta, jogoo mmoja, 1,200.