Kumkata kucha paka mwenye hofu

Paka anayepigana wakati wa kukatwa kucha si mkorofi. Anaogopa kushikwa mguu huku hana pa kutokea. Kwa hiyo kazi huanza siku nyingi kabla ya mkasi.

Chagua saa anaposinzia lakini hajashiba. Mpapase begani, teremsha kidole hadi kwenye mguu wa mbele, achia baada ya sekunde moja, kisha papo hapo mpe kipande cha dagaa au kuku aliyechemshwa bila chumvi wala kitunguu. Chakula kifuate mguso, kisitangulie. Kikitangulia, atajifunza kwamba kila akionyeshwa dagaa anakaribia kukamatwa. Rudia mara tano, umwache. Akizoea, bonyeza kidole chake taratibu mpaka ukucha utokeze. Wengine huchukua siku chache, wengine wiki kadhaa, na ukiharakisha hapa utarudi mwanzo.

Mlio wa mkasi nao humshtua. Kata tambi kavu karibu naye, mpe dagaa.

Siku yenyewe, mpakate mgongo wake ukielekea kwako. Tumia mkasi wa kucha wenye makali, kwa sababu butu huponda ukucha na kuuma. Utazame mwangani: sehemu ya waridi ndani ina mishipa ya damu na neva, usiifikie. Kata ncha tu, milimita 1 au 2. Ukucha ukiwa mweusi, ondoa ile ncha iliyopinda peke yake.

Kwa kawaida ana kucha 18: tano kila mguu wa mbele, nne kila mguu wa nyuma. Si lazima uzimalize leo. Ukucha mmoja kwa siku unatosha kabisa. Usisahau ule wa pembeni, mithili ya gumba. Haugusi chini, hivyo usipokatwa hujikunja ukachoma nyama ya mguu.

Mkia ukianza kuchapa, masikio yakilala au ngozi ya mgongo ikitetemeka, acha kabla hajang'ata. Usimkamate ngozi ya shingo kumtuliza: hunyamaza kwa woga, na safari ijayo atakukimbia ukiwa mbali.

Damu ikitoka, gandamiza wanga wa mahindi (cornflour) kwa pamba dakika chache. Isipokoma, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Panadol usimpe hata kidogo, humuua. Akiendelea kupaniki baada ya mazoezi yote haya, daktari huyo anaweza kumwandikia dawa ya kumtuliza, ya kumeza nyumbani kabla ya kukatwa.